Pata Potea

Kabla hajaingia kwenye sumaku
namwambia Tuovi Hakkarainen avue vyuma vyote:
pete, saa, vibanio vya nywele.
Anavua. Kisha anatoa sarafu,
mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, hata ndani ya soksi,
mpaka trei yangu inalia kama sahani ya sadaka.
"Za kigari cha dukani," anasema.
Nikacheka. Nani anasukuma vigari arobaini?

Ni Turku, Januari, saa tatu asubuhi na bado giza.
Theluji imeufunika mto Aura, hujui ulipo
ila kwa madaraja yake.
Yeye ni fundi wa piano. Amelala ndani ya bomba,
mashine inamgongea kichwani, naye ananiambia kwa kipaza sauti:
"Hii yenu imeshuka nusu noti."

Chini ya ubongo, pale pua inapoishia na fikra zinapoanzia,
palikuwa na uvimbe, punje ya njegere.
Si saratani. Ila ulikoroga homoni,
ukamtia maziwa mwanamke ambaye mwanawe ana ndevu.
Dokta Söderlund akamwandikia kidonge,
Jumatatu na Alhamisi, kidogo kuliko kifungo cha shati.

Na kidonge kilifanya kazi. Hilo niliseme wazi,
sitaki mtu aitukane dawa kwa sababu yangu.
Nikaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu:
njegere imekuwa mtama.
Daktari akapiga meza kwa furaha.
Tuovi akaitazama skrini kwa muda mrefu.
"Na nyumba?" akauliza. "Nyumba inaonekana wapi hapo?"

Karatasini, swali la kumi na nne:
umeona mabadiliko yoyote ya tabia?
Mara tatu alikuwa ametia alama kwenye *hapana*,
kwa mkono usiotetemeka.

Alikwenda kununua siagi.
Mlangoni mwa duka, kando ya magunia ya viazi,
ipo mashine ya kamari. Miaka yote aliipita
kama upitavyo mwavuli wa mtu mwingine.
Mwezi wa pili wa dawa, ikamwita.
"Na wimbo wake mbovu," alisema, "noti ya tatu imepanda kidogo.
Nilikaa nijue imepanda kiasi gani.
Nikatoka taa za duka zikizimwa."

Haba na haba hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba cha nani.

Likaenda gari. Ikaenda karo ya Joonas.
Ikaenda piano ya marehemu mama yake, ikishushwa ngazi
na vijana wawili waliokuwa wakitafuna ubani.
Ukabaki uma wa kupimia sauti:
duka la rehani halikuona bei yake.

Ukiacha kidonge, uvimbe. Ukimeza, mashine.
Daktari wa tezi na daktari wa waraibu
wanatenganishwa na hatua ishirini za korido
na hawakuwahi kunywa kahawa pamoja.
Siku ile walikunywa. Ilipoa, wakaongeza nyingine.

Sasa anameza nusu. Kadi ya benki anayo dada yake, Sirkka.
Jumatano anakaa kwenye duara la utafiti na wenzake sita,
mmoja wao alicheza fedha ya jeneza la baba yake.
Mimi huwalaza mmoja mmoja kwenye bomba,
nawaonyesha picha za cheri na kengele,
na kusubiri.
Naona panapowaka.
Aibu siioni. Aibu haina rangi kwenye skrini yangu,
na nimekwisha kumweleza hivyo anayetulipia utafiti.

Machi. Barafu ya mtoni inapasuka usiku kwa kishindo.
Kwenye trei: pete, saa, uma wa sauti,
sarafu moja. Namtazama.
"Ya kigari," anasema. Safari hii hakuna anayecheka.

Picha inatoka. Tunaipima, tunaipima tena.
Umekua. Milimita moja.

Ananyamaza kama mtu aliyetajiwa bei sokoni,
anavaa pete, anavaa saa,
anaupiga uma gotini na kuutega sikioni.

"Milimita moja," anasema. "Hiyo nitaimudu."