Mwadila Saa Mbili Asubuhi

Shigela ameleta kompyuta yake ndani ya gunia la sukari,
waya ameufunga kwa kamba ya katani,
akaitua juu ya kaunta yangu hapa Mabatini
kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa kwa bwana mifugo.
"Haioni," akasema. "Mchezo uko wazi, mama Nkwimba,
programu iko wazi, zimekaa bega kwa bega,
bado inaniandikia: mchezo haujaonekana."

Nikavuta stuli. Feni ilikuwa inakohoa.
Nje kuna mtu anaosha pikipiki kwa maji ya Mirongo,
nimeshamkataza, hasikii.

Mchezo wenyewe sikuutazama. Nilitazama upana wake.
Kuna hesabu moja ambayo watu hawaisomi,
imejificha chini ya jina, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi:
mchezo, biti thelathini na mbili;
programu aliyopewa kwenye flashi, sitini na nne.
Basi.
Hakuna kirusi. Hakuna jicho la jirani.

Nikamwambia, wewe umekulia Kirumba,
umeuona wavu wa sangara ukipita katikati ya dagaa.
Wavu mzima, hauna hata tundu la panya.
Dagaa wapo, ziwa limemetameta kwa wingi wao.
Ukivuta, umevuta maji.
Utamlaumu nani?

Alicheka kwa pua. Mfano haukumtosha,
na kusema kweli haukunitosha mimi.
Labda ni kama bibi yangu wa Magu:
umwendee saa mbili asubuhi useme mwadila,
salamu ya jioni,
hakutukani, hakugombezi,
anaendelea kuchambua choroko zake.
Kwake hujasalimia.
Utasimama hapo na adabu yako yote mkononi
mpaka jua lizunguke likukute.

"Unacheza na nani?"
Na kaka. Na Lushinge, yuko Geita, mgodini,
ameondoka Machi.
Zamani walibanana kwenye kibodi moja,
huyu mishale, yule herufi,
wakigombania kiwiko.
Programu hii ndiyo ya kuwaunganisha.
"Anasema ninunue mashine mpya kama yake.
Anasema hii ni ya makumbusho."

Nilinyamaza. Naijua bei ya mashine mpya,
naijua na bei ya kauli kama hiyo.

Mpigie, nikasema. Mwambie yeye ndiye ashushe.
Mashine pana inaweza kutumia programu nyembamba;
nyembamba hata uipige mateke haitatanuka.
Wote wawili thelathini na mbili,
mchezo, programu, kila kitu, toleo lile lile,
hata nukta ya mwisho.

Simu ilikuwa kwenye spika.
"Nishushe? Hii? Hata karatasi ya kioo sijaibandua!"
Kisha kimya.
Kisha mtu akahema, huko Geita,
na kibodi ikaanza kulia tik, tik, kwa hasira.

Bando lilikatika mara mbili.
Mwenye pikipiki alimaliza, akaondoka.
Nilipika chai, nikaisahau, nikainywa baridi.

Saa moja na robo usiku, kwenye daraja la mawe la mchezo,
alisimama mtu mdogo mwenye kofia ya njano.
Ng'ambo yake mwingine, bila kofia.
Wa kofia akaruka mara mbili.
Shigela hakusema neno,
akakipapasa kile kitufe kirefu, akaruka mara mbili.
"Bado unaruka vibaya," spika ikasema.

Nikamdai elfu moja. Alikuwa na mia saba.
Nikachukua mia saba.

Wakati wa kufunga nilimwandikia Nkwimba, binti yangu,
neno moja tu, mwadila,
maana giza lilikuwa limeshaingia na neno lilikuwa la saa yake.
Hajajibu. Pengine yuko kazini.

Gunia amelisahau.
Limekunjwa hapa chini ya kaunta, chembe za sukari kwenye mshono,
na sisimizi wameshapata habari.