Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jumatatu, ubaoni, kadi za njano arubaini na tatu.
Kila kadi ni ombi, kila ombi lina mwenyewe,
na kila mwenyewe ameandika kwa herufi kubwa: HARAKA.
Julai ya Nairobi, dirisha linalotazama Ngong Road limeshika ukungu;
nikaandika kwa kidole juu ya kioo, *ya nani?*
nikafuta kwa mkono wa sweta kabla Ogutu hajaingia.

Ogutu anataka ukumbusho.
Mdaiwa akichelewa siku tatu, simu yake ilie.
Akichelewa saba, ilie tena, kwa maneno makali kidogo.
"Dawa ya deni kulipa," anasema, na wawekezaji
wamelipenda neno hilo, wameuchora mshale
unaopanda hadi ukatoka nje ya karatasi.

Sikubisha. Nilichukua mwavuli nikaenda Kangemi.

Duka la Moraa ni dirisha lenye nondo:
unga, sabuni ya kipande, mafuta ya kupima,
na daftari lililokunywa mafuta hayo miaka mingi.
Nilikalia kreti, nikanywa soda moja,
na tangu saa sita hadi giza nikafanya kazi
niliyoajiriwa kuifanya na sikuwahi kuifanya:
kunyamaza.

Aliuza. Aliandika. Sikuona jina hata moja.
*Fundi, mlango wa buluu: themanini.*
*Yule wa kikohozi: unga, nusu.*
*Mwalimu: asiulizwe kabla ya tarehe tano.*
Majina je?
Akanitazama kama mtu aliyeuliza chumvi ni ya nini.
"Daftari liko wazi hapa. Jirani naye ana macho."

Nikamwonyesha ujumbe wetu wa siku ya saba.
Akausoma mara mbili, midomo ikicheza.
"Huu ukimfikia mwalimu, atanilipa.
Atanilipa jioni hiyo hiyo, na kesho
atanunua kwa Kimeu, ng'ambo ya barabara.
Dawa ya deni ni mteja kurudi."

Kisha, bila kuombwa, akafungua ukurasa wa kumi na tisa.
Mistari sita imekatwa kwa kalamu nyekundu.
Waliolipa hukatwa kwa buluu.
"Na hawa?"
"Hawa basi."
Akageuka kumpimia mtoto mafuta ya ishirini.

Usiku ule niling'oa kadi thelathini na nane.
Kila niliyoishika niliijua mkono ulioiandika:
hii ya watu wa mauzo,
hii ya Ghalib, aliyeichora wikendi nzima mwanawe ana homa,
hii yangu mwenyewe, nzuri, haina kazi.

Chebet akasema, "Kitufe cha kusamehe?
Hifadhidata haisahau."
Isisahau, nikamwambia. Ikate kwa nyekundu tu.
Wiki mbili tulibishania neno moja.
*Futa* lilinuka karani. *Samehe* lilipiga magoti.
Tukaandika *Basi*.

Ogutu akauliza Basi inaleta shilingi ngapi.
Nikasema sijui, na sauti yangu ikanisaliti.
Nipe hadi mwisho wa Septemba.
Ikiwa wenye maduka hawaifungui programu siku ya thelathini,
rudisha milio yako, nami nitaiandika mwenyewe.
Akaizungushia tarehe duara. Duara nene.

Siku moja kabla ya duara nilirudi Kangemi.
Simu ya Moraa ilikuwa juu ya daftari.
"Unaitumia?"
"Sana. Inazuia upepo."
Moyo ukanishuka hadi kwenye viatu.
Akacheka, akaifungua, akanisogezea kupitia nondo,
na pale chini, chini ya mwalimu na fundi, kwa rangi nyekundu:

*Wa mwavuli: soda moja. Basi.*