Chewa wa Mzee Abílio

Ghala lilipaswa kunuka chumvi kufikia tarehe kumi na tano.
Tulinusa kila tulipopita kwenda chooni,
sisi wanawake wa meza ya kuchambua,
tukanusa kama paka, wala hatukuona haya:
gome lililochemshwa, gundi, vumbi la vizibo.
Chumvi hakuna.

Miaka thelathini na mmoja nimeshika vizibo vya mvinyo,
elfu kumi na tano kwa zamu, siku nyingine zaidi,
kidole gumba kikiujua ufa kabla ya jicho.
Na kila Desemba mzee Abílio alisimama mlangoni
na chewa mkavu, mgumu kama ubao,
kamfunga kwa karatasi ya kaki,
jina lako kwa penseli karibu na mkia.
Hakuwa mkarimu. Tusimpake asali kwa kuwa amekufa.
Julai alitukata dakika za kunywa maji.
Lakini chewa alikuja.

Alizikwa Septemba. Kijana wake akarudi kutoka Lisbon
na kompyuta nyembamba kama sahani
na viatu visivyojua vumbi.
Hermínia akasema: huyu atatupa kadi yenye picha ya kulungu.
Fausto wa boila akasema: hata kadi ni karatasi, itawasha moto.

Tarehe ishirini na mbili, saa kumi, mashine zikanyamaza.
Gonçalo akaita kwa namba za vitambulisho.
Kumi na nane. Ishirini na tatu. Arobaini.
Bahasha nyeupe, ndani yake euro mia na hamsini,
fedha ya chewa watatu na mafuta ya zeituni juu yake.
Nasema ukweli: mkono wangu ulifurahi.
Nasema ukweli mwingine: mkono peke yake.

Graciete alizihesabu zake mbele ya kijana, noti kwa noti,
akalamba kidole, akahesabu tena.
"Hesabu ni sawa," akasema.
"Ila arobaini ni saizi ya kiatu cha mume wangu.
Mimi naitwa Graciete."

Hakuna aliyecheka. Halafu Fausto akacheka, ikawa vibaya zaidi.
Kijana akawa mwekundu kuanzia shingoni,
akapanda ngazi za ofisi mbili mbili.
Tukadhani basi, ameudhika, tuvae makoti.
Akashuka na daftari la baba yake,
lile la jalada la buluu,
akasoma kwa kukwamakwama, maana mzee aliandika
kama kuku anayepekua:

Graciete, mkia mnene, watoto wanne.
Hermínia, mwembamba. Ana presha. Aloweke siku tatu, mwambie.
Fausto, nusu. Nusu nyingine Pasaka, la sivyo atamuuza baa.
Hapo tukacheka sote, Fausto naye,
akiapa ilikuwa mara moja tu.
Idalina, mjane sasa. Samaki asipunguzwe.

Nje giza lilikwisha kuingia. Basi la saa kumi na moja
likapita bila mtu kulikimbilia.

Kisha akasoma: Odete.
Akanyamaza, akaligeuzia daftari mwanga.
Odete, kilo mbili. Alinionya kuhusu shehena ya Machi, nikamfokea.
Alikuwa sahihi. Bado sijamwambia.

Machi ile ilikuwa miaka tisa iliyopita.
Nilikuwa nimeisahau, au nimeiweka
pale tunapoweka vitu tunavyowadai wakubwa.
Kijana akaniangalia. Hakusema neno kwa niaba ya baba yake,
na kwa hilo nilimshukuru.
"Kilo mbili," akasema tu, "mwakani. Nitajifunza kuchagua."
"Tazama mgongo," nikamwambia. "Mkia hudanganya."

Chewa wa mwaka huu nimemnunua mwenyewe.
Yuko kwenye beseni chini ya sinki.
Usiku nimeamka mara mbili kubadilisha maji,
na mara ya pili, bila sababu,
nikasimama pale peku, sakafu ya baridi,
nikitazama chumvi isiyoonekana
ikitoka.