Mche wa Korongo

Habari ilitoka redioni saa moja asubuhi,
kati ya bei ya kahawa na matangazo ya vifo:
kiwanda cha sabuni ya Korongo, hapa kwetu Jinja,
kimenunuliwa na watu wa mji
ambao jina lake mtangazaji alilitamka mara mbili,
kila mara kivyake.

Kufikia saa tatu Walukuba nzima ilikuwa na msiba.
Balidawa kinyozi alimwacha mteja nusu kichwa,
akatoka na wembe mkononi kuuliza
kesho watauza nini, Mto Nile kwa ndoo?
Nangobi wa sokoni alinunua katoni sita,
akazifunika turubai, akaapa haziuzwi.
Jioni aliziuza, bei mara mbili.
Mwalimu Tibenkana, ambaye shati lake hunukia poda ya ng'ambo,
ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote.
Vijana wa boda walimchora korongo kwenye kadibodi,
wakamfunga kitambaa cheusi shingoni,
wakazunguka naye mji mzima wakipiga honi,
kisha wakamwegemeza ukuta wa benki
na mvua ikamnyeshea.

Nami? Mimi nina duka.
Kila aliyeingia nilimwambia, "Wametuuza,"
naye akaitikia, "Wametuuza kweli,"
akanunua poda ya pakiti
kwa sababu ndiyo niliyoipanga mbele.
Korongo alikuwa rafu ya chini, nyuma ya mafuta ya taa,
tangu mwaka juzi. Faida yake ndogo.
Hilo sikumwambia mtu.

Baba yangu, Oketcho, alipika sabuni hiyo miaka thelathini na mmoja.
Alishuka treni ya Tororo akijua lugha moja tu,
akakuta mapipani Msoga, Mlugbara, Msamia, Mwacholi.
Wakaokota Kiswahili katikati yao
kama mche ulioanguka sakafuni,
wakaugawana kwa uzi.
Ni yeye aliyenisimulia kwamba korongo yule
alichorwa na Bwana Vrajlal, mwenye kiwanda wa kwanza,
akampa manyoya tisa ya kishungi
kwa kuwa alikuwa na watoto tisa.
Ukaja ule mwaka wa siku tisini.
Bwana Vrajlal akaondoka na sanduku moja,
tukacheza ngoma barabarani: Korongo sasa ni wetu!
Mwaka uliofuata hapakuwa na magadi.
Mama alitufulia kwa majani ya mpapai.

Kwa hiyo nilipoingia kwake nikihema na habari,
hakuinuka. Alikuwa akikata mche,
ncha ya uzi kwenye kidole gumba cha mguu.
"Alikuwa wetu lini?" akauliza.
"Mimi nilimlipia kila mara."
Lakini uzi ulimkatikia,
naye si mtu wa kukatikiwa na uzi.

Sabuni mpya ilifika baada ya Pasaka.
Korongo sasa anatazama kushoto, manyoya matatu;
ni rahisi kuchapa, alisema kijana wa gari la mzigo.
Inanukia limau. Povu lake, nisiseme uongo, ni zuri.
Wiki ya kwanza watu waliisusa.
Ya pili wakaiuliza bei.

Nyuma ya mafuta ya taa ulikuwa umebaki mche mmoja wa zamani.
Nikampelekea mama, nikidhani atauweka kashani
pamoja na kitambulisho cha baba na gomesi yake ya harusi.
Akaunusa. Akakaa nao.
Kisha akateka maji, akaitoa ovaroli ya baba,
ambayo haijavaliwa tangu tumzike,
akaanza kuifua.
"Mama, huo ndio wa mwisho!"
"Sabuni usiyoitumia ni jiwe," akasema,
akaendelea kusugua kola
hadi mche ukawa mwembamba kama ukucha,
ukamponyoka, akautafuta majini kwa vidole.

Maji ya buluu yakashuka mtaroni.
Jirani akachungulia juu ya seng'enge,
akavuta pumzi,
asiseme neno.