Kisahani cha K-14

Umeme ukikatika Moshi, wengine hutafuta mishumaa.
Mimi hukimbilia kiatamizi,
naweka kiganja mlangoni kama mama apimaye paji:
thelathini na saba,
thelathini na sita na nusu…
Jenereta inakohoa, inagoma, inakubali.

Ndani mmelala nyinyi,
seli za koo la Mzee Ndewario wa Uru,
bapa kama magamba ya perege,
mmepangana kama vigae vya fundi mlevi.

Daftarini hamna ukoo. K-14, basi.
Siku ya tatu: maji yamebadilishwa.
Siku ya tisa: mmekuwa mara mbili ya juzi.
Siku ya ishirini hapakuwa na pa kukanyaga, nikawagawa.

Mwenyewe alianza kukataliwa na ndizi,
kisha ugali,
kisha mtori, hata uliochujwa kwa kitambaa,
mwisho maji yenyewe yakasimama kooni
kama mgeni aliyebishiwa mlango.
Tulimzika Jumamosi, kihambani, migomba ikidondosha mvua ya usiku.
Jumatatu nikafungua kiatamizi.
Mlikuwa hamjambo.

Nimewatonea dawa.
Kwenye kisahani bapa mlikufa kwa adabu:
mkajikunja, mkabanduka, mkaelea.
Nikaandika namba nikitabasamu peke yangu.
Nikawakuza upya, mara hii ndani ya ute,
mkajiviringa vidonge, mkawa na nje na ndani,
mkafanana na uvimbe wenyewe.
Dawa ileile. Kipimo kilekile.
Wa nje walikufa.
Wa ndani mlinitazama tu.

Ndipo nikakumbuka kisahani si koo,
na koo si Mzee Ndewario
aliyekuwa akitengeneza baiskeli pale Rau
na kuwakopesha watoto pampu.

Alhamisi alikuja bintiye, Aikande,
na nakala ya fomu aliyotia saini baba yake,
herufi zimelala kama majani baada ya mafuriko.
Nikamvutia kiti mbele ya hadubini.
Akafumba jicho moja, akakosea, akafumba lingine.

"Hawa ndio?"
Ndio.
"Mnawalisha nini?"
Sukari, nikasema. Chumvi. Na majimaji ya damu ya ndama.

Akacheka, kicheko kikavu, bado jicho liko kwenye lenzi.
"Wiki tatu baba hakumeza kijiko.
Hawa wanakula ndama."

Nilitafuta neno. Friji ikanguruma badala yangu.

Alipofika mlangoni akageuka,
mkoba ubavuni, sauti ya mtu anayeagiza fundi:
"Usiwalaze njaa.
Wakidhoofu wenyewe,
utajuaje kama ni dawa iliyowaweza?"

Nikanawa mikono hadi kiwikoni, nikavaa glavu.
Kizazi cha nane, siku ya arobaini:
wamelishwa.