Uzi Baina ya Meno

Miaka thelathini na moja nimekata uzi kwa meno.
Mkasi upo, lakini mkasi hujificha
chini ya koti la mfalme, ndani ya sketi ya mchawi,
na pazia la tamthilia halimsubiri fundi.
Basi meno. Kata, tema, shona tena.
Uzi nao ukanikata, kimya kimya,
mpaka meno mawili ya mbele yakaingia mfuo
kama ukingo wa kisima, pale kamba ilipozoea kupita.

Daktari Wieczorek alipima, akanyamaza, akapima tena.
Mwezi wa tatu akanibandika maganda sita ya kauri,
membamba kama ukucha wa mtoto,
rangi tumeichagua dirishani, kwa mwanga wa theluji:
si weupe wa sahani,
weupe wa kitani kilichofuliwa sana.
Wasemao jino la pembe si dawa ya pengo
sibishani nao. Mimi sikuwa na pengo.
Nilikuwa na mfuo,
na mazoea ya kucheka nimeziba mdomo.

Leo nimesimama katika duka la dawa, hapa Łódź,
nyuma yangu tramu inalia kwenye kona,
mbele yangu rafu ndefu kuliko meza yangu ya kukatia.
Dawa nyeusi ya mkaa. Dawa ya magadi.
Dawa iapayo weupe kwa siku saba,
imechorwa almasi; na almasi, nijuavyo mimi, hukata kioo.
Namwuliza msichana wa duka, kifuani ameandikwa Kornelia:
"Ipi haina mchanga?"
Anacheka. Kisha anaona sicheki,
anavaa miwani, tunasoma pamoja
herufi ndogo kama sisimizi.

Maana kauri haing'arishwi, alisema daktari.
Ukiisugua kwa ukali inapoteza mng'ao,
chai ikapata pa kushika.
Hilo nalijua bila shahada:
hariri haipigwi brashi ya viatu.
Na dawa za weupe zitawang'arisha majirani tu,
haya ya chini, niliyoota nayo mwenyewe,
kisha yapi yataonekana machafu?
Ya bei ghali.

Tukaipata. Jeli ya rangi ya maji, ina floridi,
haina ahadi yoyote. Zloti kumi na mbili.
Nikaongeza mswaki laini,
laini hata nikaudharau.

Usiku naanza. Maduara madogo madogo, kando ya fizi,
pale ganda linapokutana na jino: kwenye mshono.
Vazi lolote huanza kufumuka mshononi.
Kisha nachukua uzi.
Uzi! Adui yule yule, sasa amepakwa nta, ananukia mnanaa,
nami nampitisha baina ya jino na jino, juu, chini,
kwa upole ambao waigizaji wangu
hawajawahi kuuonja wakati wa kupimwa nguo.
Ziemowit anasimama mlangoni na soksi zake:
"Unashona nini humo?"
Simjibu, kinywa kimejaa povu.

Ijumaa, onyesho la kwanza.
Dakika moja kabla ya pazia, kifungo cha jenerali kikaruka.
Nikashona, nikafunga fundo.
Mkasi niliouapia nitauvaa shingoni kwa utepe, kama medali,
ulikuwa shingoni mwa Dobrawa, mwanagenzi wangu,
na Dobrawa alikuwa ghorofa ya pili, akimvisha malaika.
Jenerali ananitazama. Taa zinafifia.
Nikafungua mdomo.
Nikayapita yote sita, taratibu,
kama mtu avukaye sebule ya wageni kwa viatu vya matope,
nikaupeleka uzi hadi nyuma kabisa,
kwenye gego langu kuukuu lenye kizibo cha risasi,
ambalo hakuna daktari aliyewahi kulisifu.

Kata.