Waonjaji

Baba alionja kahawa mnadani Moshi, miaka thelathini na mmoja.
Hakuliona shamba, hakumjua mkulima.
Aliletewa sinia, juu yake punje kiganja kimoja,
kijiko, kikombe, ndoo ya kutemea.
Fyuu! Na tayari anajua:
hii ya Kibosho, hii ya Rombo,
hii ililala stoo moja na mafuta ya taa.

Mimi bintiye navaa koti jeupe
kwenye maabara inayotazama Kibo, siku Kibo akikubali kutazamwa.
Wanafunzi wakiniuliza seli T huonaje,
nawaambia: haioni. Huonja.

Kila seli mwilini ni mkulima mwenye adabu.
Hukatakata protini zake, kuukuu na mpya,
huchagua kipande, asidi amino nane au tisa,
hazitimii hata vidole vyako,
hukilaza kwenye sinia lenye mfereji katikati
na kukitoa nje ya mlango.
Hasemi kitu. Hungoja.

Hapo hupita mwonjaji na kipokezi chake,
ulimi aliopewa kwa bahati nasibu.
Hugusa sinia na kilichomo kwa mguso mmoja.
Cha kwetu. Anaachia.
Cha kwetu. Anaachia.
Cha kwetu, cha kwetu, cha kwetu,
mpaka siku kipande kimoja kina ladha ya kirusi,
naye anang'ang'ania, habanduki,
anaita wenzake.

Walifundwa kifuani, nyuma ya mfupa, katika tezi ya thaimasi.
Aliyeshindwa kulishika sinia alikufa.
Aliyekumbatia mno cha nyumbani alikufa.
Katika mia walihitimu wawili, watatu.
Baba alicheka nilipomsimulia:
"Hata sisi mnadani hatukubanwa hivyo!"

Sasa viungo vya vidole vyake vimevimba, vina moto.
Kijiko kinamponyoka.
Kuna mmoja aliyepenya mtihani na ulimi mbovu;
amefika kwenye kifundo cha mzee Ndekirwa,
ameonja, ametema,
amepiga yowe: mgeni!

Leo asubuhi nimemshikia kikombe.
Kahawa ya kihamba chetu, nimeikaanga mwenyewe.
Ameiweka mdomoni muda mrefu kuliko zamani.
"Ya wapi hii, baba?"
"Ya hapa," akasema. "Ila mwaka huu mvua ilichelewa."

Na vidole vyake, juu ya meza,
vikaendelea kubisha.